Chumba Alichonijengea Samatar

Kiwanjani, Isiolo
9 Machi 1981

...naam, Luul dada yangu, furaha ya harusi bado haijaniisha! Samatar wangu alinijengea chumba kwa mikono yake, pale baba yake alipokuwa akizika mapipa mabovu ya petroli. Harufu inapanda kutoka sakafuni, nami naifukizia uunsi, ubani wetu wa nyumbani. Nilipoanza kutapika, mama mkwe alipiga vigelegele, eti nina mimba. Kisha Samatar naye akatapika, akamuuliza, "Basi Mama, na mimi ninayo?" Tulicheka mpaka machozi.

Jana Samatar hakuamka mpaka nilipomburuta uani. Daktari anasema mvuke wa ardhi hii unatuua, lakini mpenzi wangu anaona aibu kumhama baba yake. Mwambie Baba atuite. Wito wa mkwe hataukataa. Tutafika huko nyumbani kabla ya mwezi kuisha, inshallah.

Akupendaye,
Habsa