Bomba la Kutundikia Mashati

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya cherehani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu Kipenga,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Usiniambie tena ni mafua tu. Mtu anayeshinda kwenye vumbi la unga na joto la tanuri tangu alfajiri aende akapimwe. Wifi huniambia kila kitu, kwa hiyo usijisumbue kunificha.

Sisi huku hatujambo. Shangazi magoti yanamuuma, lakini mdomo haumuumi hata kidogo. Mimi nashona sare za shule tu msimu huu, mpaka naota kola. Baba anaendelea vizuri kuliko tulivyotegemea baada ya kile kiharusi. Mguu umerudi. Mkono wa kulia bado ni mzito, na maneno yanamtoka polepole, moja moja, lakini ukimsubiri anafika. Mara mbili kwa wiki anapelekwa kwenye mazoezi ya mkono.

Sasa kaa chini, kaka. Nina habari, na sitaki uisome ukiwa umesimama huku mikono imejaa unga.

Pikapu ya baba unaikumbuka, ile asiyotaka kuiuza hata kwa dawa. Bomba lake la moshi lilikuwa limeoza, likatoboka chini ya kiti cha dereva, na moshi wote ukawa unaingia ndani. Jirani yetu, yule dereva mstaafu anayempeleka baba mazoezini, alikuwa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Juzijuzi akaja juu: ama bomba libadilishwe, ama mzee atafute dereva asiyehitaji kupumua.

Nikamwambia baba tulipeleke gari gereji. Weee! Ningejua ningenyamaza. Yeye aliyefunga mabomba ya moshi ya nusu ya mji huu, gari lake akalifunge mtu mwingine? Stoo kulikuwa na bomba jipya moja la stenlesi, lile la mwisho lililobaki tangu alipofunga karakana. Akasema tutalikata hapahapa nyumbani. Nikauliza tutalikata nani na nani. Akanitazama tu.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita asubuhi, dada yako, fundi wa magauni, nikavaa glovu na miwani ya kinga nikalala chali chini ya pikapu.

Nilikuwa na tepu yangu ya kushonea shingoni kama kawaida. Nilipotaka kupimia, baba akakataa katakata. Tepu ya nguo haipimi chuma, akasema, akanipa ile yake ya chuma. Kaka, ni ileile! Ile iliyovunjika mwanzoni, haina sentimita kumi za kwanza, inaanzia kumi. Miaka yote hii hajanunua nyingine. Na utaratibu wake unaukumbuka: kila mtu aseme namba kama tepu inavyosema, asitoe wala asijumlishe, maana tepu inayopima gari ndiyo hiyohiyo itakayopima bomba, na makosa yake yanajifuta yenyewe.

Nikapima nafasi ya bomba, nikasoma kwa sauti: mia na kumi na nane. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kata mia na nane."

Nilisita. Lakini unamjua baba. Nikajisemea labda ni siri ya kifundi, labda kuna nafasi inayoachwa kwa ajili ya vibano. Mimi na mabomba wapi na wapi? Nikapima mia na nane kwa tepu hiyohiyo, nikatia alama.

Kukata kwenyewe kulinifurahisha, sikufichi. Unazungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba mpaka ncha zake zikutane sawasawa, ndipo unachora mstari kufuata ukingo wake; nikaona ni pindo la suruali tu hili. Tukalibana kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya mbao lisipondeke. Mashine ya grenda baba aliikataa, akasema inachoma chuma mpaka kinageuka bluu. Akanipa msumeno wa chuma wa meno madogo na mafuta kidogo ya kulainishia.

Mwanzoni nilikwenda mbio kama nakata mkate. Msumeno ukateleza, ukang'arisha pale pale bila kuingia. Baba akanisimamisha. Stenlesi haitaki papara, akasema. Ukiisugua juujuu inazidi kuwa ngumu. Kaza mkono, nenda taratibu. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba wewe ulikuwa unapiga mluzi kila ukikata, na mluzi wako ndio uliokuwa unakuzuia usiharakishe. Miaka yote mimi nilidhani ulikuwa unatupigia kelele tu. Nilishangaa pia kusikia anakutaja. Tangu uondoke, akikuulizia husema "yule wa mbali".

Lilipokatika nikalipiga tupa kuondoa makali, nikajiona fundi. Nikaingia chini ya gari nalo. Upande wa mbele likaingia vizuri. Upande wa nyuma halikufika. Nikalivuta, halikufika. Nikaweka kiganja kwenye mwanya uliobaki, kikaenea sawasawa.

Bomba la mwisho, nimeliharibu! Nikatoka mle chini nikiwa tayari kusemwa, hata majibu nilishayapanga, maana mimi si wewe, mimi siondoki kimyakimya. Lakini baba alinyoosha mkono wa kushoto. Aliniomba tepu. Akaitazama ile ncha iliyovunjika, akaipapasa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, akairudia na kuirudia mpaka shangazi akachungulia mlangoni kuuliza kama mzee yuko sawa.

Kisha akaniuliza, "Lile bomba la kaka yako lilipungua kiasi gani?"

Sikuwa na haja ya kufikiri. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama mlangoni pa karakana na birika la chai. Niliona kila kitu. Mwenye basi amesimama pale na watu wake, bomba lake la stenlesi limekatwa fupi, na baba anakwambia mbele ya wote kwamba wewe na kazi za mikono ni mbalimbali, ukatafute kazi ya kukaa. Ukaweka msumeno chini. Wiki haikwisha ukawa umeshaondoka. Nikamnyooshea baba kiganja: hivi.

Akafumba macho. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini nimeyashika yote, na nakuandikia kama alivyosema. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa chini ya basi, na tepu ilisoma mia na hamsini. Yule mwenye basi alikuwa amemsimamia, anataka kujua urefu wa kweli, kama bomba alilonunua linatosha. Baba akatoa zile kumi kichwani, akamjibu mia na arobaini. Na hiyohiyo akakupigia wewe kelele ukate. Wewe ukapima mia na arobaini kwa tepu iliyovunjika, kama alivyotufundisha mwenyewe. Kumi zikatolewa mara mbili. Na safari hii, mia na kumi na nane yangu ameifanyia vilevile, ametoa kumi kichwani bila kujijua.

Kwa hiyo hukukosea, kaka. Nasema tena, maana najua utarudi kuisoma sentensi hii: hukukosea.

Baba alilia. Sijawahi kumwona analia, hata kwenye maziko ya mama alijikaza. Nami nikalia, lakini kilio changu kilikuwa na hasira, na nilimwambia. Nilimwambia, baba, miaka kumi na minane mtoto wa watu anaamini hana mikono ya ufundi. Wifi anasema mpaka msumari wa kutundikia picha anaita fundi. Na wewe kosa lilikuwa kwenye hesabu yako! Aliitikia kwa kichwa tu, anakubali kila neno, mpaka nikaishiwa maneno, nikajuta kidogo, ila siyo sana.

Alipotulia akaniambia niende chumbani kwake nikatoe mashati.

Sikuelewa. Kule chumbani mashati yake yananing'inia kwenye bomba lililopitishwa ukuta hadi ukuta, nyuma ya mlango. Miaka yote hii nimefua, nimepiga pasi, nimetundika pale, sikuwahi kuuliza bomba limetoka wapi. Nikayatoa mashati, nikalishusha. Lilikuwa la stenlesi, zito, linang'aa, halina hata doa la kutu. Kaka, ndilo. Lile la basi. Mwenye basi alilikataa, akalipwa jingine, na baba akaja nalo nyumbani, akalining'iniza mahali atakapoliona kila asubuhi akivaa.

Nikampelekea pale kwenye kigoda. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, pale ulipokuwa umekata na kupiga tupa. Akasema, "Mkato umenyooka. Niliona siku ileile, nikanyamaza."

Upana ulikuwa uleule wa pikapu, na urefu ulizidi. Safari hii nilipima mia na kumi na nane kama tepu ilivyosema, na kwa uhakika nikarudia kwa tepu yangu ya nguo, ambayo haijavunjika, ikasoma mia na nane; hakuthubutu kukataa. Nililikata ule upande mwingine, ule mdomo wako tukauacha ulivyo. Baba alishikilia ncha kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia nao akauweka juu yake, hauna nguvu, lakini akauweka. Nilijaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu, shangazi akacheka mpaka akasahau magoti.

Likaingia mbele, likaingia nyuma. Nikakaza vibano, jirani akawasha gari. Siku hizi anaendesha kichwa kikiwa ndani kama binadamu wengine. Mdomo ulioukata wewe ndio uliobanwa kule nyuma, na hautoi moshi hata chembe.

Kipande kilichobaki nakitumia kushikilia karatasi zangu za mitindo. Hata sasa kimeilalia barua hii isipeperuke.

Kuna jambo moja limebaki, na hili ndilo hasa limenifanya nikuandikie badala ya kupiga simu. Mashati ya baba sasa yamerundikwa kwenye kiti, na shangazi ameshalalamika mara tatu. Nimetaka kuleta fimbo nyingine, baba amekataa. Jirani ametaka kuja na misumari yake, amekataa. Nilipombana akasema ataisubiri mikono ya aliyelikata lile la kwanza. Unamjua baba, kaka. Hajui kuomba. Hiyo ndiyo namna yake, na imemchukua miaka kumi na minane kuifikia.

Sitakushurutisha. Una haki ya kukasirika, hata mimi bado nimekasirika kwa niaba yako. Ila mkono wake sijui utapona mpaka wapi, na wewe sijui utaendelea kuita fundi kwa ajili ya msumari mpaka lini. Fikiri vizuri, zungumza na wifi.

Msalimie sana huyo wifi yangu, mwambie gauni lake liko tayari na sitalituma kwa posta, atakuja kulichukua mwenyewe. Wabusu watoto, mkubwa na yule mtundu. Shangazi anakusalimu, anasema umenenepa kwenye picha, na anamaanisha kukusifu. Jirani dereva naye anakushukuru kwa hewa safi. Mungu aubariki mkono wako kwa kila mkate unaoukanda, akuweke salama huko mpaka tuonane uso kwa uso.

Nimeacha nafasi hapa chini. Baba ameniomba kalamu, na hataki nimshikie mkono. Anaandika kwa wa kushoto tangu tulipomaliza chai, na sasa nataka kuwasha taa. Usicheke hati yake.

Wako akupendaye daima,
Dada yako, fundi wa magauni na sasa wa mabomba.

*Mwanangu. Ulikata sawa. Kipimo kilikuwa changu. Njoo na msumeno wako.*

*Baba*