Piga Yeye

Jumatatu, 4 Februari 1957. Thika

Nimefunga mizigo mara ya tatu. Bwana Kitambi kabadilisha mawazo tena. Viti vya kukunja vije, sufuria kubwa ibaki. Anataka kukaa kama yuko barazani kwake Ruiru, halafu chakula kijipike chenyewe. Mke wangu Halima anacheka tu. Acheke, si yeye atakayebeba.

Kitambi ni jina alilopewa na wachuma kahawa wake. Safari ni kupanda na mto Chania kutoka hapa, vijiji vya juu, makorongo, mpaka ukingo wa msitu. Anamtembeza shemeji yake, kijana aliyefika juzi kutoka Ulaya. Kiswahili hajui, hata jambo hajui. Sisi tunamwita Mgeni.

Njia hizo nazijua tangu nikitembea na wauza tumbaku. Siku hizi Mkikuyu hatoki kijijini bila pasi, kwa hiyo wazungu wananitafuta mimi Idi, Mwislamu wa Majengo. Wanasahau mama yangu ni Mkikuyu wa Gatanga. Sawa, wasahau.

Kiswahili cha Bwana ni neno moja: piga. Piga viatu, maana yake vipake rangi. Piga moto, maana yake koka. Piga hema. Leo kanifundisha kamera yake, kwa sababu tumbo lile halipandi mawe. Yeye akisema piga, mimi nibonyeze. Basi, nimekuwa fundi picha.

Kituo cha polisi kimetupa homgadi, mgambo wa serikali, wa kutulinda. Njoroge. Bunduki mpya, macho mekundu. Simpendi.

Nimempelekea Gitau ujumbe kwa mmoja wa wachukuzi wetu wawili. Gitau ni mtoto wa Tata Wambui, dada mkubwa wa mama, tumekula sahani moja. Ana mizinga ya nyuki kule korongoni na Bwana anataka kuiona. Pasi ya siku moja kashapata kwa hedimani, mkuu wa kijiji chao. Nimemwagizia: mzungu akitaka picha, simama wima, vua kofia, cheka kidogo. Utapata blanketi.

Jumanne, 5 Februari

Miguu mizima, roho imechafuka.

Tumefika kijiji cha kwanza saa za watu kurudi shambani. Kijiji gani hiki. Nyumba zimebanwa pamoja, handaki limezunguka, ndani ya handaki vijiti vimechongwa ncha. Daraja ni moja. Mama mmoja kachelewa, kabeba kuni na mtoto. Homgadi wa langoni kampiga fimbo ya shingo. Kuni zikamwagika. Kampiga tena kwa sababu kuni zimemwagika. Kila mtu kaangalia chini, na mimi nimeangalia chini. Mwenye nguvu mpishe, tumeambiwa tangu utoto. Leo msemo huo umenikera.

Bwana Kitambi akataka picha ya daraja. Nikapiga. Mgeni kakataa kula jioni.

Njoroge naye kaona asipitwe. Kapiga mtu kitako cha bunduki eti hakumwamkia. Mtu mzima, meno yote ya mbele yanatikisika. Nikamwambia Njoroge kwa Kikuyu, huyo angeweza kuwa baba yako. Kanijibu baba yake alikatwakatwa na watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali, mlangoni kwake, nisimfundishe mambo ya baba.

Lakini bado simpendi.

Jumatano, 6 Februari

Nitaandika tu.

Tulishuka korongoni jua likiwa limepanda vizuri. Mto unanguruma pale, mtu humsikii ila akipayuka. Gitau alikuwa ng'ambo, juu ya jabali, chini ya mizinga yake. Aliniona akainua mkono. Mimi nikapanda jiwe kubwa na kamera. Bwana na Mgeni wakabaki chini kwenye mchanga. Njoroge alikuwa nyuma yao, kidole kwenye bunduki tangu asubuhi, kwa sababu wachukuzi walimwambia watu wa msituni zamani walilala humu.

Nikamtia Gitau kwenye kamera. Kavua kofia. Kasimama wima. Kacheka. Kama nilivyomwagizia.

Bwana akapayuka, "Piga! Piga yeye! Upesi, jua napotea!"

Njoroge akapiga.

Sikuelewa mlio. Nilidhani jiwe limepasuka. Nikamwona Gitau anakaa chini pole pole, anaangalia paja lake, halafu anateleza kutoka jabalini mpaka majini.

Ee Mola wangu. Nilitupa kamera. Niliingia mtoni na nguo. Nilimshika kwenye mizizi, maji yote mekundu. Mfupa umetoka nje ya nyama. Nimefunga paja kwa mshipi wangu, nikakaza kwa kijiti mpaka akanitukana mama. Mama yake na mama yangu ni tumbo moja, hakujali. Nilifurahi anatukana.

Wachukuzi wote wawili wamekimbia. Bwana kakaa kwenye kiti chake cha kukunja, uso mweupe kama ugali, anasema picha, picha, mimi nasema picha. Hukusema picha, Bwana. Hukusema hata mara moja.

Na Njoroge yuko pale anarudia, "Mzungu kasema piga. Si mmesikia?" Tumesikia sote. Neno lilikuwa letu mimi na yule mzungu, tumelizoea. Kwa Njoroge piga ni ile waliyomfundisha kituoni.

Alhamisi, 7 Februari

Machela ya miti miwili na hema. Mgeni kakamata mbele, mimi nyuma. Mzungu kabeba Mkikuyu kupanda genge lile, sijaona na sitaona tena. Viganja vyake vimechubuka mpaka nyama. Bwana kafuata akihema.

Gitau ana homa. Mara ananijua, mara ananiita jina la marehemu baba yake. Nataka afike Thika hai. Sitaki kitu kingine duniani.

Adhuhuri tukapumzika. Nilikwenda kuteka maji. Kurudi, nimemkuta Njoroge kasimama juu ya machela, mtutu uko karibu na sikio la Gitau. Kaniambia kama mtu anayeniomba chumvi: "Wacha nimmarize, Idi. Akifika hai watauliza nani kapiga mtu mwenye pasi. Akifika maiti ni mtu wa msituni, basi." Nimmarize. Hivyo hivyo, kwa ile r yao.

Nilimpiga na sufuria ya maji usoni. Nilimpiga tena. Nilitaka kumuua, nalisema wazi hapa, hakuna anayesoma. Alianguka, akaamka na kitako cha bunduki kinywani mwangu. Meno mawili. Nikamng'ata mkono kwa yaliyobaki. Tuliviringika kwenye majani kama mbwa mpaka Mgeni akamvuta kwa shingo na kuikalia ile bunduki. Aliikalia kabisa, kama kuku juu ya mayai.

Njoroge akalia. Kilio cha mtoto. Nikamchukia zaidi.

Bwana Kitambi akaja baadaye kunong'ona: "Idi, wewe hapana sema hii neno piga. Wewe nasema yeye nakimbia." Nikatema damu karibu na kiatu chake. Karibu tu.

Jumapili, 10 Februari. Thika

Wameniachia jana jioni. Halima kanikanda kwa maji ya chumvi, kila akigusa mgongo analia yeye badala yangu.

Tulifika kituoni Ijumaa asubuhi. Gitau kapelekwa hospitali ya mjini, pingu mkono mmoja kitandani. Mimi ndani, kosa kumpiga askari. Afisa ni kijana, masharubu hayajakomaa. Bwana kashaandika taarifa yake: mtu alionekana korongoni, akaitwa, akakimbia, ana kisu. Kisu! Kisu cha kukatia asali, urefu wa kidole. Njoroge kaweka dole gumba chini ya hayo. Bado langu.

Nilikataa. Wakanilaza. Kiboko kinaanza kama maji ya moto, halafu unakuwa huwezi kujua kinaanzia wapi. Wananiuliza, alikimbia? Nasema alisimama. Alikimbia? Alisimama. Mpigaji mwenyewe alikuwa mtu wa Gatanga, anapiga na kunong'ona kwa Kikuyu, sema tu ndiyo, mtoto wa mama, mimi nimechoka. Nikamwambia hata mimi nimechoka.

Mwenye jeraha la risasi siku hizi ni mtu wa msituni mpaka athibitishe vingine. Na mtu wa msituni mwenye kisu wanamnyonga. Jumatano afisa anapeleka faili Nairobi. Neno langu peke yangu halitoshi, kanieleza kwa upole kabisa. Mimi ni ndugu yake, tena nimempiga askari.

Tata Wambui kapewa pasi ya kuja kumwona mwanawe. Kapita hapa. Hakunilaumu. Kaniuliza tu, "Wewe ndiye uliyemwita kule?" Nikasema ndiyo, Tata. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda.

Jumatatu, 11 Februari

Nimekwenda Ruiru kwa miguu, mgongo huu huu. Halima kaniita mwendawazimu. Kweli.

Bwana Kitambi kaniona tangu getini. Kafungua mbwa. Wawili, wa kulinda kahawa. Mmoja kashika shavu la mguu, mwingine mkono. Nilimpiga ngumi ya pua yule wa mguuni, hakuachia. Wachuma kahawa wamesimama mistarini na vikapu, hakuna aliyesogea, siwalaumu. Nilipiga kelele: Mgeni! Mgeni! Sijui hata jina lake.

Akatoka barazani na shuka ya kitandani mkononi, akawafukuza mbwa kwa shuka. Shemeji yake anampigia kelele kwa Kiingereza. Naye anapiga kelele. Mimi nimekaa chini nashika mguu, nawaza, sasa nimwambie nini huyu? Kiingereza changu ni gudi moning. Kiswahili chake ni hewa.

Nikaamka. Nikasimama wima katikati ya uwanja. Nikavua kofia yangu. Maishani sijamvulia mzungu kofia, wala baba yangu hakuwahi. Nikaishika kifuani kama alivyoishika Gitau. Nikacheka, kinywa hiki kisicho na meno mbele, damu inaingia kiatuni. Halafu nikaonyesha bunduki kwa mikono. Halafu nikaanguka.

 

Mgeni kaniangalia chini pale muda. Kisha kaingia ndani, karudi na ufunguo wa gari. Kitambi kamshika koti. Wakasukumana. Mgeni kampiga kofi shemeji yake, kofi kavu, mbele ya wachuma wote. Mama mmoja akamwita Mungu wake, "Ngai!", kwa sauti, kisha akajificha nyuma ya kikapu.

Kanileta Thika kwenye gari. Nimechafua kiti chote. Kanishusha mlangoni kwa Halima.

Jumatano, 13 Februari

Nimeitwa kituoni. Nilidhani ni kiboko tena, nikavaa suruali mbili.

Afisa kasema Mgeni ametoa taarifa. Kwamba mtu alisimama palepale alipo, kofia mkononi, anacheka, mpaka risasi inampata. Afisa alimuuliza alisikia amri gani. Kasema hakusikia amri yoyote, alisikia kelele tu, lugha haijui. Ameona.

Sisi wote tulisikia. Kila mtu ana piga yake. Mmoja tu ndiye aliyekuwa hana neno, naye akaona.

Faili limefungwa. Imeandikwa ajali. Kesi hakuna, pingu zimefunguliwa. Njoroge kahamishwa kituo kingine na bunduki yake. Bwana Kitambi hakuulizwa kitu. Mimi nimepigwa marufuku kuongoza safari yoyote juu ya Thika. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Lakini Gitau yuko hai, yuko hai! Nilitoka pale nikimshukuru Mungu kwa sauti barabarani, watu wananipisha.

Nikaenda hospitali moja kwa moja. Walikuwa wamemkata mguu asubuhi ile. Alikuwa hajaamka. Nikasimama mlangoni nikaona blanketi linavyolala upande mmoja, nikarudi nyumbani.

Jumapili, 17 Februari

Nimempelekea uji. Halima kaukoroga mwepesi, sukari kidogo.

Gitau kaamka sawasawa leo, homa imeshuka. Nikamwekea mto mgongoni. Kanywa kikombe chote, mikono yake mwenyewe. Nikamweleza habari: kesi imekwisha, Tata atakuja Jumanne, mizinga hedimani ameahidi haitaguswa. Nilisema mengi. Nilimweleza mpaka habari za mbwa nikidhani atacheka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanirudishia kikombe. Akaniambia kwa Kikuyu, taratibu, bila hasira hata kidogo, kwamba anajua nimembeba, ameambiwa yote, na Mungu anilipe. Lakini nisije tena. Kila nikiingia mlangoni, kasema, mwili wake unasimama wima wenyewe.

Nikasema sawa, ndugu yangu.

Nimeosha kikombe bombani pale nje. Nimekaa kidogo kwenye ngazi. Kesho Halima ndiye atakayempelekea uji.