Halua na Ukurasa wa Mwisho

Dada Rukia,

Shikamoo kutoka Wete, ambako mvua imenipokea tangu bandarini.

Shangazi amebadilisha somo lake la Kijerumani kwenye chuo cha utalii. Wanafunzi wa mwaka wa pili hawakariri tena bei za vyumba vya hoteli. Wanasoma hadithi kipande kwa kipande, wakibashiri kitakachofuata; ya leo ni ya mke aliyeondoka nyumbani kwake. Mkuu wa chuo, aliyesoma Ujerumani, anauita mchezo wa watoto. Leo alikuja darasani kuamua kama warudishiwe bei zao.

Mimi, kwa kuwa si msemaji, nilipewa ukurasa wa mwisho niufiche ndani ya baibui. Wakati wa mapumziko wanafunzi wakanizunguka na halua. "Kula, mgeni wetu," akasema Bi Time, mkubwa wao kwa umri. "Halafu tuambie tu, mke karudi au hakurudi?"

Mgeni hapa hakatai chakula, kwa hiyo nilikula, nikashukuru tu.

"Yakhe, mtoto huyu kala rushwa na siri kabaki nayo!" akalalamika Bi Time.

Ikabidi warudi darasani, kwenye hadithi yenyewe, kutafuta dalili. "Kaacha mwavuli wake," akasema Bi Time. "Atarudi."

"Kauacha makusudi," mkuu akadakia kutoka nyuma. "Harudi huyo." Wakabishana mpaka kipindi kikaisha.

Nje mkuu akaniita pembeni. "Mwanangu, ukurasa ule unao?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mwalimu, wenzako walikuja na halua."

Nadhani somo la Shangazi limepona. Nakuandikia huku namsubiri mkuu, amekwenda dukani. Nimekukumbuka, dada. Nikibakisha kipande cha halua, ni chako.

Mdogo wako,
Zuhura