Mikorosho ya Bibi Uliyoizima

Mjomba wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hii haikuulizi. Bahasha yake sikuifunga, ili konda wa basi aisome akipenda, na mwenye duka unapochukulia barua zako aisome pia, awasomee waliokaa barazani kwake. Miaka yote nimekuwa mtu wa kunong'ona. Safari hii nataka nisikike mpaka Dar.

Nianze na mazuri, maana yapo, na ndiyo yanayoniuma zaidi.

Unakumbuka siku uliyorudi Kibiti, baada ya shirika lenu kubinafsishwa na ninyi wachoraji ramani kupunguzwa? Wenzako walirudi na magodoro na redio za mkulima. Wewe ulishuka na kompyuta iliyoviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Mzee Ngwele, jirani yetu, alikufuata nyuma akisema, "Fundi kaleta televisheni isiyo na mpira wala taarabu." Uliiweka chumba cha mbele nyumbani kwa Bibi, mama yako, ukavuta waya kutoka kwenye jenereta ya mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kitabu changu. Hukunifukuza kama ulivyowafukuza watoto wengine. Ulisema, "Mama, njoo uone." Uliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yako, na hakuna aliyekuwa akiniita hivyo ila wewe.

Ulinifundisha kwamba mchoro mmoja ni karatasi nyingi angavu zilizolaliana. Moja ina mipaka ya mashamba, moja ina njia, moja nyumba, moja makaburi, moja miti. Kila moja uliiita leya. Leya ina rangi yake na unene wake wa mstari, na mtu anaweza kuiwasha ikaonekana au kuizima isionekane, bila kufuta kitu. Kijiji hakienei kwenye karatasi moja, kwa hiyo kilihitaji karatasi kadhaa za kupangwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo ulipokuwa mkali kuliko mwalimu wetu wa hesabu. Siku moja nilichora njia ya Mchukwi kwa rangi nyekundu kwenye karatasi ya kwanza, na kwenye karatasi ya pili ikatoka ya kahawia. Ulizichapa zote mbili, ukaziweka sakafuni zigusane.

"Hii njia imepatwa na nini hapa katikati?"

"Nimesahau, mjomba."

"Mtu akihama karatasi asihame nchi, mama. Kilichowashwa huku kiwashwe na kule. Kilichozimwa kizimwe kote, na watu waambiwe kimezimwa."

Ukanionyesha mchoro mama, ule usio na shamba wala nyumba, wenye leya tupu zilizopangwa sawasawa, ili kila karatasi mpya ichukue mipangilio yake humo. Niliporudi shuleni baada ya likizo nilipanga hata madaftari yangu hivyo. Wenzangu walinicheka. Sikujali, nilikuwa mwanafunzi wako.

Kisha serikali ya kijiji ikakupa kazi ya kuchora mashamba yote, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wameanza kuja na kila mtu alitaka mpaka wake ujulikane. Tulipofika kwenye mashamba ya marehemu Babu, Bibi alitutangulia. Unajua historia yake kuliko mimi. Alizaliwa Salale, kwenye mikoko na mpunga, mahali ambapo mkorosho ukiupanda unakunywa maji chumvi ukafa. Alipoolewa huku kwenye mchanga, Babu alimwambia ardhi ni ya ukoo na hawezi kumgawia, lakini atakachokipanda juu yake ni chake. Ndivyo watu wa hapa wanavyoishi: ardhi ina mwenyewe, na mti una mwenyewe. Babu alipofariki, mashamba mawili, la juu na la chini, yakawa yako na hakuna aliyebisha. Mikorosho ikabaki ya Bibi, na hilo pia hakuna aliyelibishia.

Aligusa kila shina na kulitaja. Huu una mabibo ya manjano, huu mvivu, huu ulipandwa mwaka aliokuzaa wewe. Jioni ulimketisha mbele ya kompyuta, ukamwonyesha vidoti vya kijani vilivyojaa karatasi ya tatu. Aliweka kidole kwenye kioo.

"Na yule mvivu yumo?"

"Yumo, mama. Wote wamo."

"Basi sasa hata nikifa watanikuta."

Ulicheka, mjomba. Nakumbuka ulicheka kwa furaha ya kweli. Ndiyo maana nimeshindwa kukuelewa, na nimechoka kujaribu.

Siku ya mkutano ulizibandika karatasi kwenye ukuta wa darasa. Watu walitafuta mashamba yao, wakaoneshana, wakataniana. Karatasi ya kwanza ilikuwa na miti, ya pili ilikuwa na miti, ya nne pia. Ya tatu ilikuwa nyeupe, mipaka mitupu.

Mzee Ngwele akasema, "Fundi, huku kwenu mbona pamekuwa jangwa? Fisi wamekula mikorosho?"

Watu wakacheka. Ukajibu bila kugeuka, "Ni mipangilio ya kompyuta tu, mzee wangu. Haina maana yoyote."

Mle ndani tulikuwa watu wawili tu tuliojua kwamba mipangilio ndiyo yenye maana yote. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kina mama. Ulinitazama mara moja, kisha ukatazama pembeni. Ulijua sitasimama. Ulinifahamu vizuri, na ukaitumia aibu yangu kama ulivyoitumia ile karatasi.

Mnunuzi wa shamba la juu alitoka mjini. Alinunua kwa kutazama ramani, kwa sababu kwao anayeuza shamba huuza na kilichomo, na ramani haikumwonyesha mti wa kuulizia mwenyewe. Siku ya msumeno hukuwepo, ulikwisha kupanda basi la Dar. Bibi alikwenda na kikapu chake kuokota korosho, akakuta visiki na vijana wanafunga kuni. Mimi nilikuwa naye. Akamwendea yule bwana kwa upole, akamwambia miti ile ni yake. Yule bwana hakumtukana. Alikunjua karatasi ya tatu, akamwonyesha.

"Bibi, tazama mwenyewe. Hapa hakuna miti."

Bibi alikuwa amesimama katikati ya visiki akiambiwa hakuna miti. Akanigeukia. "Somo yangu, wewe unajua kusoma hivi vitu. Si alisema wote wamo?"

Nilimjibu kwamba wamo, umewazima. Hakuelewa, na nilipomweleza mpaka akaelewa, alikaa juu ya kisiki, akavua kanga ya kichwani akajifunika uso. Tangu siku hiyo hakukutaja. Akiletewa salamu zako huuliza, "Nani?" Anauliza kweli, kama mtu anayetaka kutajiwa ukoo.

Halafu ukanitumia maagizo. Umepata mnunuzi wa shamba la chini, mfanyabiashara wa saruji, na anakuja Kibiti kukutana na mwenyekiti wa kijiji. Nizichape karatasi zote upya. Uliandika, "Mama, wewe ndiye pekee ninayekuamini kwa kazi hii. Karatasi ya tatu iache ilivyo." Niliyasoma maneno hayo nimesimama kwenye mashine ya kusaga, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtu aumie.

Nilifanya kazi kama ulivyonifundisha. Nilifungua mchoro mama, nikahifadhi mipangilio ya leya zake, kisha nikaileta kwenye karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Rangi zilezile, unene uleule, kilichowashwa huku kimewashwa na kule. Kwenye karatasi ya tatu mikorosho ikarudi yote kwa mara moja, ya shamba la chini iliyo hai na ya shamba la juu iliyokwisha kuwa mkaa. Hukuwa umefuta hata mmoja. Jina lako, mchoraji, ambalo kwenye ya tatu ulikuwa umelizima pia, nalo likarudi pembeni. Sikulikuza wala kulipunguza. Lina herufi sawa kwenye karatasi zote nne.

Nikazibandika kwenye ukuta wa darasa kabla wageni hawajafika, nikamleta Bibi, nikamketisha mbele.

Mfanyabiashara wa saruji alikuwa mtu makini. Alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Hivi vya kijani ni nini?"

"Mikorosho," nikasema. Sauti ilitoka, mjomba. Mimi mwenyewe nilishtuka.

"Ya muuzaji?"

Bibi akainuka. "Yangu. Ya chini hiyo, na ya juu hiyo aliyoikata bwana yule." Alimnyooshea kidole mnunuzi wako wa kwanza, ambaye nilikuwa nimemwalika kwa barua ya heshima.

Mwenyekiti akathibitisha desturi. Mfanyabiashara akavua miwani. "Sasa mimi ningenunua nini?"

"Mchanga, baba," alisema Mzee Ngwele. "Na wewe una saruji, mkichanganya mtapata kitu."

Darasa zima liliangua kicheko. Yeye pia alicheka, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mnunuzi wa kwanza hakucheka. Alisimama muda mrefu mbele ya karatasi ya tatu, akiilinganisha na ile yake iliyokunjwa, kisha akaniuliza unakaa wapi. Nilimwandikia: mtaa, nyumba, rangi ya mlango, na saa unazokuwepo. Huenda barua hii ikamkuta tayari yuko hapo kwako. Mkaribishe kiti.

Najua utasema nimekuaibisha mbele ya kijiji. Ndivyo nilivyokusudia. Utasema mimi ni mtoto. Nitamaliza kidato cha nne, nitaomba chuo cha ardhi, na nikihitimu nitatafuta kila mchoro uliowahi kuuchora, niuweke karibu na mwenzake, nione wapi umezima nini. Sina haraka. Wewe ndiye uliyenifundisha subira ya kazi hii.

Kitu kimoja nakiri kinanisumbua. Nikikaa kwenye kompyuta yako bado ninangoja useme, "Njoo uone." Kisha namsikia Bibi akikohoa chumba cha pili, na kungoja kunaisha.

Nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Alikuwa anachambua korosho za shamba la chini. Alisema shamba ni lako kweli, hakuna wa kukuzuia, njoo ulikanyage utakavyo. Ila uje na mwavuli, kwa sababu uvuli wote wa pale ni wake.

Ni mimi,
mpwa wako, uliyekuwa ukimwita mama