Samaki na Fundo la Mbuzi

Kwa Mama yangu mpendwa,

Natumaini goti lako limetulia na yule ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima, ila jua la huku Mbeere limenichoma hadi ukiniona utauliza huyu ni mtoto wa nani. Mvua tunaisikia kwa redio tu.

Uliniuliza kama nimeomba uhamisho nije nifundishe karibu na nyumbani, huko Nchiru. Ngoja kwanza nikupe habari ya samaki. Najua umeshakunja uso, maana kwetu samaki haliwi.

Unamkumbuka Mama Ireri, jirani niliyekuandikia kwamba hunipa maziwa. Tangu nifike ananiita mgeni. Nikishika ufagio ananinyang'anya, nikiinua mtungi ananiambia, "Weka chini, mgeni." Mwaka mzima nakula kwake na siruhusiwi kuosha hata kijiko. Iliniuma, Mama. Nilijiona kama mtu anayengoja gari la kurudi kwao. Siku moja nikamuuliza nitaacha lini kuwa mgeni. Akacheka, akanipa fimbo ya mwanzi, uzi wa nailoni na ndoano. "Siku utakayotupikia samaki uliyemtoa mwenyewe kwa bwawa letu."

Nikaenda bwawani nikijiamini, si mimi ni mtoto wa Baba? Nikafunga uzi kwenye ncha ya mwanzi kwa lile fundo lake la mbuzi, lile la kuacha nafasi mnyama asijinyonge. Samaki akavuta mara moja. Uzi ukateleza ukachomoka wote, ukaenda na ndoano, chambo na samaki, nikabaki na fimbo mkononi kama mchungaji. Wanawake waliokuwa wakifua walicheka hadi nguo zikawatoroka majini.

Mama Ireri aliniambia nimwonyeshe nilivyofunga. Akaangalia, akauliza, "Sasa hapa unataka asife ama asitoroke?"

Kisha akanifundisha. Unachonga mfuo mdogo karibu na ncha. Uzi hauanzii pale, unaufunga kwanza katikati ya fimbo, unauzungusha ukikaza mpaka juu, halafu unaufunga tena kwenye mfuo. Unalilowesha fundo kwa mate na kulivuta mpaka liume. Ncha ikivunjika, uzi bado umeshikwa huku chini.

Na ilivunjika kweli. Jumamosi iliyopita tilapia mrefu kuliko kiatu cha Baba alivuta, ncha ikakatika, lakini uzi ukashika. Nilipiga kelele nikasahau kabisa kwamba mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu walikuwa hapo hapo wakinywesha mbuzi.

Nilimpika kwa nyanya na dania. Tukala tukamaliza, nikakaa tu nilivyozoea. Mama Ireri akanitazama.

"Kendi, unangoja nani? Inuka uoshe vyombo."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Nilisugua sufuria zake machozi yakinitoka, nikamwambia ni moshi. Mama, nina furaha sana huku. Uhamisho sijaomba, na sitaomba.

Usinikasirikie. Nisalimie Baba, mwambie fundo lake halina kosa, ni samaki tu hana adabu ya mbuzi. Nisalimie pia dada yangu Kanana na shangazi wa pale ng'ambo ya mto. Likizo ya Desemba nitakuja na samaki mkavu. Najua hajawahi kuingia jikoni kwako, kwa hivyo nitampika nje. Nitafutie sufuria moja tu usiyoihurumia, na kuiosha niachie mimi.

Binti yako, mwenyeji wa huku na wa huko,
Kendi