Kwa Laini Hapana Bonjour

Jumatatu, 8 Julai

Leo tumemaliza interfoni ya jengo jipya la Mama Kahongya, pale mjini Butembo. Orofa nne, buto nne za kufinya langoni. Éliakim, bosi wangu, alikaza skrubu ya mwisho, akarudi nyuma kuangalia kazi yake. Nzuri kweli! Mimi nikapanda juu kujaribu. Inalia, unainua simu ya ukutani, unauliza nani yuko chini. Hata mtoto anaweza.

Mgeni wa kwanza alikuwa muuza maziwa. Nilimwona kwa dirisha. Alisimama mbele ya kile kisahani cha chuma, akavua kofia, akakiambia: «Kokoko!» Hakugusa kitu. Kokoko kwa mdomo tu, vile sisi sote tunavyobisha kwa mlango wa mtu. Akangoja. Kokoko tena, kwa adabu zaidi. Nikashuka ngazi zote kumwambia: Papa, finya buto. Akafinya zote nne! Jengo zima likalia, Mama Kahongya akatoka na kitambaa cha kichwa mkononi.

Nimecheka hadi mbavu zikauma. Marehemu baba naye alikuwa mtu wa kokoko, hata kwa mlango wake mwenyewe.

Jumanne, 9 Julai

Mama Kahongya ameniomba nifundishe watu wa jengo. Kazi!

«Ni nani?»
«Ni miye.»
«Miye nani?»
«Miye hapa chini!»

Nikawaambia: «mimi» si jina. Kila mtu ni mimi. Semeni majina. Basi akaja mmoja: «Ni Kambale.» Mama Kahongya akaniangalia. Mtoto wake anaitwa Kambale, mpangaji wa orofa ya pili Kambale, fundi wa vigae Kambale. Kwetu kila nyumba ina Kambale wake! Afungulie nani sasa?

Akasema afadhali achungulie dirishani kama zamani. Éliakim hakucheka. Mimi nilijiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani Bulengera: kwa nini tunasema «ni miye» na mtu wa ndani anafungua? Kwa sababu anajua sauti. Jina ni la wageni. Sijui kama mashine inaweza kufundishwa hilo.

Alhamisi, 11 Julai

Furaha na kisirani kwa sahani moja.

Familia ya kijana anayetaka kumwoa binti yangu Rébecca wametuma mjumbe: watakuja kujitambulisha Jumapili tarehe 28. Rébecca ameimba tangu pale, hata akiosha masufuria. Lakini mjumbe, kabla hajamaliza chai, akauliza: «Na noko yake atakuwa, si njo vile?»

Kasika, mume wangu, akaangalia vidole vya miguu yake.

Kwetu binti haombwi bila noko, yaani mjomba, kukaa kitini. Na mjomba haitwi na mtoto, wala na shemeji. Anaitwa na dada yake, kwa mdomo wake dada. Mjomba wa Rébecca ni mmoja tu, Yaya Lusenge, kaka yangu mkubwa, yuko Beni. Na mimi na Yaya tunanyimana salamu tangu mazishi ya baba, mwaka juzi. Nilisimama niseme neno la watoto wa marehemu. Nimefungua tu kinywa — akaninyang'anya mikro mbele ya watu wote! Akasema inatosha, akaendelea yeye. Niliondoka palepale, sikungoja hata chakula cha matanga.

Siwezi kumwalika bila kumsalimu kwanza. Nani anaanza na shida kabla ya salamu? Na mdogo ndiye anayemsalimu mkubwa, najua, najua. Lakini mikro sikunyang'anya mimi.

Rébecca alikuja kukaa karibu nami. «Mama, ni bonjour tu.»

Bonjour tu! Nilimjibu vibaya. Sasa haimbi tena na mimi ndiye nimemnyamazisha.

Jumamosi, 13 Julai

Katoni imefika kutoka Kampala! Mitumba, lakini safi. Ni interfoni pia, ila si ya mlango — ni ya kazi ya konseti. Kila mtu anavaa kaski masikioni, na waya unashuka hadi kisanduku cha kufunga kwa mkanda. Watu wa muziki, wa kamera, wa jukwaa, wote wanasikilizana, na watu waliokuja kutazama hawasikii neno. Nilikuwa nadhani mambo ya jukwaani yanajipanga yenyewe! Kumbe kuna watu wananong'onezana humo ndani muda wote.

Kisanduku kina buto mbili. Moja ya kusema: ukiishikilia unasikika, ukiachia imefungwa. Lakini ukiigonga mara moja tu, inabaki wazi hadi uigonge tena. «Hapo njo hatari yote iko,» anasema Éliakim. Buto ya pili haina sauti, inawasha taa nyekundu kwa visanduku vya wengine. Yaani unaita bila kusema. Nimeichezea asubuhi nzima hadi Éliakim akaniambia niache, nitaiua.

Tumepata kandarasi: jubilei ya kwaya, Jumamosi ijayo. Wapi? Beni.

Nimesema sawa. Beni ni mji mkubwa, si lazima mtu akutane na mtu.

Jumanne, 16 Julai

Mazoezi ndani ya atelie, karakana yetu. Mimi ndiye Régie: natoa amri, wengine wanafanya. Éliakim ni Sono, mtu wa sauti. Ariel, mpiga video, ni Kamera. Fundi cherehani wa jirani alikubali kuwa mwimbaji wetu wa mfano, akapanda juu ya kasha.

Nikafinya: «Kamera, uko tayari?»
Ariel: «Bonjour, Mama Hulda!»
«Bonjour, Ariel. Umeamuka?»
«Nimeamuka muzuri. Ba kwako?»
«Bazima. Na mama ule wa mugongo?»
«Iko afadhali, anatembea kidogo...»

Wakati huo fundi cherehani anaimba ubeti mzima na mikro imefungwa! Éliakim alivua kaski akaitupa mezani. «Kwa laini hapana bonjour! Hapana batoto, hapana mugongo! Taja poste, Kamera ao Sono, sema neno, funga!»

Ariel akauliza, na nadhani aliuliza kwa dhati: mutu akikuita bila salamu, si utawaza ana kisirani na wewe?

Éliakim akaokota kaski yake, akaivaa tena. Mimi nimelichukua swali hadi nyumbani. Mahali ambapo kutosalimiana si ugomvi! Sikujua kama panapatikana duniani, na kumbe panauzwa kwa katoni.

Alhamisi, 18 Julai

Tumefika Beni, vumbi hadi kwenye kope. Barabarani askari alitaka kujua vyombo ni vya nini. «Eza nini oyo?» Éliakim akaeleza. Askari akavaa kaski: «Allô? Allô? Nani iko kule?» Hakuna mtu kule, chef. Alikaa nayo kidogo, kama anayetumaini, kisha akaturudishia.

Uwanjani wanajenga jukwaa. Éliakim anagawa visanduku kwa watu wa hapa. Nimeinama kwenye nyaya, nasikia nyuma yangu: «Miye njo wa scène. Nipe yangu.»

Sikuinua kichwa. Sauti hiyo naijua kuliko yangu.

Kumbe Yaya ndiye mwalimu wa kwaya mojawapo, na wamempa scène, yaani jukwaa lote, asimamie. Amekonda. Ameota mvi upande mmoja. Alipita mbele yangu na waya mabegani, nikatazama nyaya, naye akatazama mbingu. Éliakim alijua! Naona kwa vile anavyosafisha miwani yake bila sababu.

Ijumaa, 19 Julai

Lazima niandike yote kabla hayajaniponyoka.

Mazoezi yalianza saa tatu. Mimi mezani mbele ya jukwaa, Yaya nyuma ya pazia. Hatuonani.

«Scène, mikro ya pili?»
«Iko.»
«Kwaya ya kwanza?»
«Bako tayari.»
«Waingie.»
«Banaingia.»

Ndivyo ilivyokwenda asubuhi nzima. Ananijibu kabla sijamaliza. Nikiwaza kiti kinazuia njia, kiti kimeondolewa. Kama tulivyokuwa tukichota maji utotoni kule Mutwanga, mmoja anashika dumu, mwingine anashika faneli, hakuna anayesema kitu. Nilifurahi. Nikakasirika kwa kufurahi.

Mapumziko. Wote wakashusha kaski shingoni isipokuwa sisi wa mezani na Ariel. Na hapo — sauti yake, mbali kidogo, si ya kazi. Aligonga buto, hakuishikilia. Imebaki wazi!

Amri ni moja: unasema, Scène, funga buto. Nilijua. Sikusema. Mungu anisamehe, masikio yangu hayakuomba ruhusa.

Mama mmoja wa kwaya alikuwa akimuuliza huyu mwanamke wa amri ni nani, sauti yake inapendeza. Yaya akasema: «Ni mudogo wangu. Hapana nisalimia, mwaka ya pili sasa.» Mama akauliza umemfanya nini. Akaeleza: siku ya kuzika baba aliniona natetemeka mdomo, akajua nitalia mbele ya watu wote, wengine wanaojua kucheka watu. «Nikawaza, acha banichukie miye, basimucheke yeye. Nikakamata mikro.»

Kulia! Nani alitaka kulia?

Nilikuwa nataka kucheka! Mdomo ulitetemeka kwa kicheko! Nilikuwa nimepanga kuwasimulia ile ya baba: akirudi shambani jioni hafungui mlango wake mwenyewe. Anasimama nje na jembe begani. «Kokoko!» Sisi ndani: «Ni nani?» Yeye: «Ni miye.» Sisi: «Miye wa nani?» Na yeye, kwa sauti nzito kama ya gavana: «Miye wenu!» Ndipo tunafungua. Kila siku hivyohivyo, hata siku ya mvua. Nilitaka watu wazike wakicheka. Na huyu mkubwa wangu, kwa huruma yake ya kichwa kigumu, amenizibia kinywa ili kuniokoa!

Mwaka na zaidi nimekula hasira ya kitu ambacho hakikuwepo. Na bado nina hasira. Nina hasira zaidi.

Nikafinya: «Scène. Funga buto.»

Kelele ya kiti kuanguka. Kisha laini ikafungwa, tii. Ariel juu ya jukwaa lake la kamera anafuta lenzi safi. Éliakim anasafisha miwani. Wamesikia wote. Na Yaya anajua kwamba nimesikia.

Mchana tumefanya kazi vilevile. «Iko.» «Bako tayari.» Lakini anajibu polepole sasa.

Rébecca amepiga simu jioni. Hakuuliza chochote kuhusu mjomba. Aliuliza tu kama nimekula.

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi. Watu wamejaa hadi juu ya miti ya barabarani. Yaya amepita na kaski shingoni. Nilikuwa tayari, nilikuwa na neno limefika kwenye meno — Wavukire, tu, salamu yetu ya kila asubuhi. Mtu akamwita. Akaenda. Nimelimeza.

Kesho mapema tunarudi Butembo. Baada ya leo sitakuwa na laini naye.

Saa tisa. Kwaya tatu zimepita, hakuna mikro hata moja iliyokufa. Naandika hapa mezani kwa sababu mhubiri amesimama na mhubiri huyu hana haraka. Hakuna amri ya kutoa hadi aseme Amina, ndipo kwaya ya Yaya iingie. Bado niko na lile neno la asubuhi. Nitasema nini? «Scène, Jumapili tarehe 28 uje nyumbani»? Bila salamu, kama askari? Hapana. Na Éliakim yuko pembeni yangu na sheria yake.

Taa inawaka.

Nyekundu, kwenye kisanduku changu. Scène anaita. Nimetazama jukwaa: hakuna shida. Mhubiri yuko kwa Ibrahimu, bado.

«Régie nasikia.»

Laini imefunguka. Pumzi tu. Taa imezimika, imewaka tena. Ariel amegeuka kutazama. Nimesema tena, Régie nasikia.

Na yeye, polepole, kwa mdomo, kwa sauti nzito ambayo si yake, ni ya baba: «Kokoko.»

Éliakim ameinua kidole. Sheria! Kisha amekishusha. Kokoko si bonjour.

Naandika kwa mkono mmoja. Nimeshikilia buto.

«Ni nani?»

«Ni miye.»

Mimi niliyefundisha jengo zima kwamba hilo si jibu! Mdomo unatetemeka tena, na safari hii ajionee mwenyewe kama ni kilio au nini, hata mimi sijui. Mhubiri ameinua mikono. Anafunga. Kwaya imepangwa nyuma ya pazia, inangoja neno langu, uwanja mzima unajibu Amina, na mimi nimefinya, nimeuliza:

«Miye wa nani?»

Taa bado inawaka —