Nyuzi Begani mwa Salim

Jumatatu, 7 Julai
...na hata hilo bega bovu la Salim nalipenda. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia hatua zake ngazini moyo wanidunda. Leo tena nimemfunga vifungo vya kanzu. Mkono wa kulia haupandi kupita kifua tangu mlango wa mvule ulipomwelemea akiupachika. Keshokutwa anapasuliwa. Fundi wa milango asiyeweza kuinua mkono atafanya kazi gani? Naogopa.

Jumatano, 9 Julai
Ameamka. Alhamdulillahi.
Daktari, mama mfupi mwenye vidole vyembamba, alinionyesha picha. Kano mbili zilikuwa zimeng'oka mfupani na kurudi nyuma. Akazibandua taratibu pale zilipogandamana, akazivuta mpaka zikafika mahali pake. Kisha skrubu ndogo mfupani, safu mbili, zenye nyuzi. Nyuzi zikapishana juu ya kano, zikazibana chini. Yote kwa kupitia vitundu, akitazama kwenye kioo cha televisheni. Mimi nashona kofia, najua mshono mzuri nikiuona. Ule ni mshono.
Sharti: wiki sita mkono uning'inizwe shingoni. Asiuinue, wala usiinuliwe na mtu.

Jumapili, 20 Julai
Kosa langu.
Mama mkwe alikuja kutoka Makadara na Bi Rukia, mkandaji aliyewakanda wazazi wote wa mtaa wao baada ya kujifungua. Sharti nilikuwa nalijua. Nikaona haya. Bibi arusi mpya nimkatalie mkwe wangu? Mafuta ya uto ya kumkandia nikayapasha mimi mwenyewe.
"Mkono usipochezeshwa hukauka, mwanangu," Bi Rukia akasema, akauinua.
Salim akapiga yowe. Nikamshika Bi Rukia mikono, nikamtoa kwa nguvu, mbele ya mkwe wangu. Wakaondoka kahawa ikiwa vikombeni.
Nalia tangu alasiri. Kama nyuzi zimekatika, ni mimi. Salim, roho yangu, anatania eti amepata mke na mlinzi kwa mahari moja. Uso wake umesawijika kwa maumivu.

Jumatatu, 21 Julai
Hospitali tangu asubuhi. Daktari akapitisha kifaa cha picha begani, polepole.
"Zimeshika," akasema. "Safu mbili niliziweka kwa ajili ya watu kama nyinyi."
Salim akacheka. Mimi nikaangua kilio. Kupona bado, alisema, lakini hakuna kilichoachia. Na mpaka wiki sita ziishe mkono huu si wa Salim, si wangu, wala si wa mamake. Ni wa daktari. Nampenda mwanamke huyu. Ningekuwa na akili zaidi shuleni ningetaka kuwa yeye.

Alhamisi, 24 Julai
Nyumba imetulia. Salim anafinya kimpira kwa vidole, hilo ameruhusiwa. Namtazama tu. Sijaona mtu mzuri kama huyu.
Mama mkwe hajaja tangu Jumapili. Wifi asema mama hali chakula vizuri, adhani amemharibu mwanawe. Salim amempigia simu, hakuamini. Hakutaka ila mema, nami nilimwaibisha mbele ya rafikiye.
Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Makadara, peke yangu, nimbusu mkono na kumwomba radhi. Kwa Bi Rukia nitapita pia.